Sifuri iliyomshtua Muuguzi Mwanne

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Muuguzi Mwanne Nampoto anasimama kati ya vitanda viwili katika hospitali moja karibu na Posta. Mkononi ana daftari, kama kila siku.

"Kaka Hafidhi, sifuri mpaka kumi. Maumivu ni ngapi leo?"

"Sifuri, sista. Nipe mpira nicheze."

Kwenye kitanda cha pili, mdogo wake Amira anacheka. Juzi Hafidhi, fundi magari wa Gerezani, alimpa figo yake moja.

Mwanne anaandika sifuri. Ghafla Hafidhi anapiga chafya. Mwili wote unajikunja, machozi yanamtoka, na meno yanang'ata pindo la shuka ili sauti isisikike.

Kalamu inamponyoka Mwanne.

"Nilishtuka," anasimulia baadaye. "Kumbe mtu anaungua, na mimi nampita kila siku nikitabasamu!"

Mwanne (36), mzaliwa wa Newala, ana miaka kumi na mmoja kazini. Mwaka huu anawasaidia madaktari kulinganisha aina mbili za sindano za ganzi kwa watoa figo na wapokeaji: ya ubavuni na ya mgongoni. Wanataka kujua ipi inatuliza zaidi maumivu baada ya upasuaji. Jibu linategemea namba za daftari lake. Dawa ya ziada ya mgonjwa nayo hutegemea namba hizo hizo.

Asubuhi hiyo anafunua kurasa za nyuma. Kati ya watoa figo 14, 11 walisema sifuri.

"Wote niliwauliza mbele ya ndugu zao," anasema. "Nani angesema inauma, na aliyepewa anasikia?"

Dk. Ketan, daktari wa dawa za usingizi na ganzi, anapitia kurasa moja moja. "Sista, namba hizi hatuwezi kuzitumia. Tunaanza upya."

Sasa Mwanne amepanga kumuuliza kila mtu peke yake. "Natamani mtu akiniambia sifuri, iwe sifuri kweli."

Anaanza na Hafidhi. Anashika pazia alivute, lakini Amira anamzuia.

"Usifunge, dada. Nimeona alivyong'ata shuka. Kaka, sema."

Hafidhi anatazama dari.

"Nane," anasema. "Inauma, Amira. Inauma sana. Na usinitazame hivyo, sitaki figo irudi. Ni yako."