Rambirambi Alizorudisha Imelda

Wengine wakifiwa hulia. Imelda alifiwa na mama yake mzazi akaishia kukusanya sahihi.

Tulikaa jengo moja kule Hopkins, yeye ghorofa ya pili, mimi ya tatu. Alikuja Minnesota mwaka 1991 akimfuata mume aliyekuwa anasoma. Mume alipomaliza shahada alirudi Arusha kutafuta kazi, akapata kazi, na mke mwingine pia. Imelda hakuwahi kumsema vibaya mbele ya mtoto. Nilimsema mimi, kwa niaba yake. Yeye aliingia nyumba ya wazee kuogesha na kulisha watu, miaka kumi na mitano, akamlea Careen peke yake, na Careen akarefuka mpaka akawa anainama mlangoni.

Huo urefu ndio uliomleta kocha. Mama mmoja mchangamfu, wa timu ya kikapu ya wasichana ya chuo kimoja cha hapa mjini. Alikuja mara tatu. Alikula ndizi na nyama za Imelda, akaongezewa, akasema, "Careen atakuwa kama mwanangu." Imelda akaamini. Mtoto akapewa karo, chumba na chakula, kwa mwaka mmoja. Kila kiangazi kocha ndiye wa kuamua kama mwaka mwingine upo. Hilo halikusemwa kwa sauti wakati wa kula ndizi.

Mtoto akacheza. Kabla ya jua kuchomoza yuko mazoezini, mchana darasani, mwisho wa wiki kwenye basi la timu. Kazi ya kulipwa hana hata dakika ya kuifanya. Chuo kikauza jezi yenye namba yake, thelathini na mbili. Picha yake wakaiweka kwenye tiketi, dola tisa kila moja. Yeye hakupata hata senti. Sheria, wakasema. Mchezaji wa chuo halipwi.

Februari 2006 bibi yake Careen alifariki Marangu. Humphrey, mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Watanzania, akatengeneza tangazo la mchango kama tunavyofanya kila msiba. Safari hii akajitia ufundi. Akaweka picha ya Careen ameruka na mpira, na maneno: "Tumsafirishe nyota wetu akamzike bibi yake." Kana kwamba bila picha tusingechanga! Tulichanga. Watu walikuja ukumbi wa kanisa, wakampa Imelda mkono wa pole, wakaacha bahasha. Mama na mtoto wakaenda, wakazika, wakarudi siku ya tisa.

Kumbe tangazo lilifika chuoni. Nani alilipeleka sijui, na heri nisimjue.

Imelda na Careen wakaitwa ofisi ya sheria za michezo ya chuo. Imelda aliniomba nimsindikize. Kulikuwa na kijana mwenye tai, na Careen kajikunja kitini. Kijana akasema picha ya mchezaji imetumika kumkusanyia pesa, kwa hiyo Careen amelipwa kwa sababu ya mchezo. Amesimamishwa. Akitaka kucheza tena, nauli yake irudishwe kwa waliochanga, na kila mmoja atie sahihi kwamba amepokea.

"Hiyo ni rambirambi," Imelda akasema. "Rambirambi hairudishwi, baba. Nikimrudishia mtu ni kama namwambia sitaki pole yake."

"Naelewa, mama. Lakini sheria ndiyo hiyo."

"Picha yake kwenye tiketi zenu nani aliiweka?"

"Chuo."

"Chuo kinaruhusiwa?"

"Ndiyo."

"Kocha wenu amepanda ndege mara nne kwenda Texas kumtafuta msichana mmoja. Careen kaniambia. Nani kalipa?"

"Tuna bajeti ya kutafuta wachezaji. Nauli, hoteli, chakula."

"Na wa kwangu mlishampata, kwa hiyo hana bajeti."

Kijana akatazama kompyuta yake. Mimi nikamwuliza kama na yeye ana bibi. Careen akanifinya mkono.

Kwenye gari Careen akasema, kwa Kiingereza chake cha harakaharaka, kwamba asipocheza mechi zilizobaki kocha hatamrudisha mwaka ujao. Msichana wa Texas ni mrefu kumzidi. Bila timu hakuna karo, na bila karo hakuna chuo. Imelda aliendesha mpaka nyumbani.

Jumatatu aliuza gari. Akaanza kupanda mabasi mawili kwenda kazini, na siku za mapumziko akapita nyumba arobaini na moja, kila mtu na sehemu yake kwenye bahasha, na karatasi ya sahihi mkononi. Mzee Solomon alimfungia mlango, akaufungua tena, akatia sahihi akilia. Dinah wa Woodbury alimwuliza, "Tumekukosea nini?" Humphrey alipiga magoti sebuleni kwake. Imelda akamwambia, "Inuka, utie sahihi, nina basi la kuwahi."

Kwangu alikuja mwisho. Nikakataa.

"Sisaini upuuzi! Waje wenyewe wale!"

"Mama Erick, saini."

"Wewe huna hasira?"

"Ninazo. Hasira zangu zitacheza Jumamosi? Saini."

Nikasaini, nikatoboa karatasi kwa kalamu. Jumamosi Careen akacheza. Julai barua ikaja: mwaka mmoja tena.

Mngedhani yameisha. Novemba zilipita siku tatu sijamsikia Imelda. Nikapiga simu kazini kwake, wakaniambia amelazwa. Nilimkuta hospitali, wamemtoa uvimbe tumboni, yuko peke yake, meza ya kitandani tupu. Hakuna uji wala ua. Mwanamke aliyepikia misiba yetu yote!

"Imelda! Kwa nini hukusema?"

"Punguza sauti, kuna wagonjwa."

"Watu wangekuja! Tungechanga!"

"Ndiyo maana sikusema. Mkichanga, mmoja wenu atataja mpira, na wale wa ofisini watauliza. Hata Careen hajui. Ana mechi."

Nikatoa simu nimpigie Dinah. Imelda akanishika mkono, na mkono wa mtu aliyepasuliwa juzi haukupaswa kuwa na nguvu zile.

"Bado ana misimu miwili," akasema. "Mama Erick, nakuomba. Miwili tu."

Nikairudisha simu mfukoni. Nikaenda kumpikia uji peke yangu, kama mwizi.