India, Uingereza, na Mimi wa Kupelekwa Lemera

Papa anaichukia India kwa sababu ya mpishi mmoja wa Pakistan. Hakuna Muhindi aliyewahi kumkosea. Mwenye duka anakonunua nyuzi za nyavu ni Muhindi, na wanacheka pamoja vizuri kabisa. Lakini zamani, mimi nikiwa bado wa kubebwa mgongoni, Papa alikuwa anapeleka ndagala, samaki wadogo wa ziwa letu, kwenye kambi ya askari wa kofia za buluu, wale wa Umoja wa Mataifa. Mpishi wao akamfundisha mambo mawili: namna ya kushika kibao cha kriketi, na kwamba India ikicheza, wewe unamshangilia yule mwingine. Kisha mpishi akarudi kwao. Kofia akaondoka nayo, chuki akatuachia.

Mwaka huu ile chuki ilipata kazi ya kufanya. Siku hizi ziwa linafungwa miezi mitatu, ati samaki wazaane kwa utulivu. Sawa, wazaane. Ila hakuna aliyefikiria yatakayowapata wake na watoto wa wavuvi, wanaume wote wakibaki nyumbani mchana kutwa. Papa ni kapita wa mtumbwi, amezoea kuamuru watu. Wiki ya kwanza alimfundisha Mama kuwasha makala ya kupikia. Wiki ya pili alihamisha banda la kuku mara mbili, na kuku mmoja akakataa kutaga mpaka leo. Wiki ya tatu akaniona mimi nimekaa kwenye kizingiti na telefone.

"Weye unasomaka Kiingereza ku masomo," akasema. "Angalia kama India iko nacheza na mutu."

Kiingereza changu ni cha shule, na mwalimu wetu anakitamka kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Hata hivyo nilitafuta, na kweli: India ilikuwa imekwenda Uingereza kucheza match tano, kila match siku tano. Papa akasugua mikono. Miezi mitatu bila ziwa, na sasa Mungu amemletea siku ishirini na tano za kuchukia.

Siku hiyo hiyo, kabla hata ya mpira wa kwanza, aliniambia jambo la Lemera. Aliwaambia kuku, kwa kweli, maana alikuwa anawaangalia wao: mwezi wa tisa nitapanda Lemera kukaa na Tanti, dada yake, na kusoma huko. Tanti iko peke yake. Hewa ya mlimani ni nzuri. Na huko hakuna vijana wanaosimama barabarani bila kazi kama huku Songo.

Niandike ukweli, kwa kuwa kayee hii ninayoandikia hakuna anayeisoma. Mimi sina shida na Lemera. Shida ni kwamba ningeingia darasa jipya, na darasa jipya wanakusimamisha mbele useme wewe ni nani. Hapa Songo nilitumia miaka mitatu mpaka wenzangu wakachoka kuniuliza kwa nini siongei. Miaka mitatu ya kazi ngumu! Sasa nipande mlima nikaanze upya? Na vijana wa barabarani Papa asiwe na wasiwasi nao. Wakinisalimia, mimi naangalia kiatu changu mpaka nifike nyumbani.

Lakini sikusema hivyo. Nilisema kitu kimoja tu, sijui kilitoka wapi:

"Minye ntashangilia India."

Papa akaacha kuku, akaniangalia. "Rudilia?"

Sikurudilia. Kurudilia ni kusema mara mbili.

"Haya," akasema, na nikaona amefurahi, maana sasa amepata wa kubishana naye. "Uingereza ikichukua serie, ishinde match mingi kuliko India, weye unapanda Lemera, na sitaki kuona ile mudomo ya kuvimba. India ikichukua, unabaki. Tumepatana?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Ndivyo maisha yangu yalivyowekwa mikononi mwa wanaume ishirini na wawili waliovaa suruali nyeupe kama wahudumu wa misa.

Mchezo wenyewe ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Mmoja anarusha mpira, mwingine amesimama na kibao analinda vijiti vitatu. Akiupiga mbali anakimbia, na kila mbio ni pointi moja. Vijiti vikiguswa anatoka, anaingia mwenzake. Wakishatoka kumi, ekipe yao imekwisha, na wale wengine wanaingia kutafuta kuzipita pointi zao. Basi. Kilichobaki ni kunywa chai, maana wanasimamisha mchezo kabisa wanywe chai.

Telefone haikuwa na mega za kutosha kuangalia picha, kwa hiyo nilikuwa nasoma maneno, mpira mmoja mmoja, na kumtafsiria Papa. Mwanzoni tulikuwa wawili, chini ya waya wa nguo. Halafu wenzake wa mtumbwi wakasikia. Akaja fundi wa taa, ambaye ziwani kazi yake ni kuangalia taa zinazoita ndagala. Akaja mchota-maji, ambaye kazi yake ni kutoa maji mtumbwini na kusema bila kukoma. Wakaleta nyavu zao za kushona, wakakaa. Na mimi, ambaye darasani nikiulizwa najifanya kukohoa, nikawa radio.

Vijana wa mtaani walicheka. Mchezo wa siku tano, na pengine unaisha bila mshindi! Lakini wale wavuvi walielewa palepale.

"Siku tano unahangaika, jua inakupiga, mvua inakupiga, unarudi bila kitu," mchota-maji akasema. "Ile si muchezo, ile ni kazi yetu."

Siku moja nikasoma kwamba waamuzi wamesimamisha mchezo kwa kuwa mwanga umepungua. Fundi wa taa alitupa sindano ya nyavu chini kwa kicheko.

"Siye tunaachaka kazi juu ya mwezi iko na mwangaza mingi, ndagala banakataa kufuata taa. Bale banaacha juu ya mwangaza iko kidogo! Bakuje tubadilishane!"

Shida yetu ilikuwa moja tu. Katika kazi yao, samaki hawahesabiwi mtumbwi ukiwa bado majini. Ukisema "leo tuko na ndoo ishirini," wavu unapasuka, au taa inazimika, au upepo wa milimani unashuka. Papa aliwahi kumshusha mtu mzima ufukweni kwa kosa hilo, na yule mtu alikuwa amehesabu kwa macho tu, midomo ikicheza. Basi akaleta sheria ile ile kwenye kriketi.

"Soma yote," akaniambia, "lakini hesabu ya kubakia, usitaje."

Kriketi bila hesabu! Ni kama kusoma misa bila kumtaja Mungu. Kila mstari ulikuwa na namba, nami nilikuwa naziruka kama mashimo ya barabara. "Uingereza wanahitaji... kiasi." "Wamebaki watu... si wengi." Mchota-maji akiuliza, "Kiasi kidogo ao kiasi mingi?" Papa anamkata jicho. Hata vidole nilikatazwa kuonyesha.

Match ya kwanza Uingereza walichukua, na Papa akatembea parcelle nzima, kutoka nyumba hadi ua, mikono nyuma kama gavana. Ya pili India wakawafinyanga, na Papa akasema uwanja ulikuwa mbaya. Ya tatu nataka kuisahau. Mtu wa mwisho wa India alisimama muda mrefu, akazuia mpira vizuri kabisa, ukaanguka miguuni pake. Kisha ule mpira ukajiviringisha wenyewe, taratibu kama unatafuta choo, ukagusa vijiti nyuma yake. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikamlilia mwanaume ambaye jina lake sijui hata kulitamka. Mama alinikuta huko.

"Ni nani amekufa?"

"India."

Akarudi jikoni.

Ya nne India walitakiwa kufa wakakataa. Siku nzima ya mwisho walisimama tu na vibao vyao wakizuia, mpaka Uingereza wakaomba waachiwe. Hakuna mshindi. Uingereza mbili, India moja, na match moja imebaki. Hapo nikaelewa kitu ambacho Papa hakukiona kwa furaha yake: India hawawezi tena kuchukua serie. Wakishinda, itakuwa mbili kwa mbili tu. Mkataba wetu haukusema lolote kuhusu mbili kwa mbili. Sikumkumbusha. Nilianza kukunja nguo zangu moja moja, kwa mazoezi.

Match ya tano ilifika siku yake ya nne jioni, Uingereza wakiwa karibu kabisa kufikia pointi za kushinda, ila watu wao wa kupiga wamebaki wachache. Halafu kukaingia giza, mvua ikanyesha huko kwao, waamuzi wakawapeleka wote ndani. Mpaka kesho. Papa alilaani ile mvua kwa Kifuliiru, lugha anayoitumia kwa mambo mazito tu. Mimi niliomba iendelee kunyesha, kisha nikaomba iache, maana sikuwa na hakika Mungu anajua kanuni.

Kesho yake, saa sita za mchana, parcelle ilijaa. Hata Mama alitoka na sufuria ya maharage ya kuchambua, akajifanya mwangaza wa nje ndio mzuri. Papa alikuwa amenyoa ndevu.

"Mama wee, soma," akaniambia. Mama wee ananiita akiwa na roho nzuri.

Mpira wa kwanza: Muingereza aliupiga mpaka mwisho wa uwanja. Pointi nne. Mpira uliofuata, nne tena. Mchota-maji alisimama akacheza kwenye nyavu, na mguu ukanasa. Papa akaniangalia, akacheka kwa upole ulionichoma kuliko kama angenidhihaki.

"Tanti yako atakupokea na muzigo ya viazi," akasema. "Utaona, utazoea."

Utazoea! Kwenye telefone namba ilikuwa hapo, kubwa, nyeusi, na wote walikuwa wananingoja. Mdomo wangu ulifunguka. Nasema mdomo, lakini ni mimi niliyeufungua.

"Zimebaki ishirini na saba," nikasema.

Kwa sauti. Sauti ambayo kuku waliisikia.

Fundi wa taa akafanya ishara ya msalaba. Na mimi nikashusha macho kwenye telefone, mstari mpya ukaja: mpira umegusa pembe ya kibao, umedakwa nyuma. Ametoka.

"Amehesabu!" mchota-maji akalia. "Kapita, mutoto amehesabu! Ametuloga!"

"Soma," Papa akasema.

Nikasoma. Akatoka mwingine. Akatoka mwingine tena, vijiti vimelala. Nikabaki kusoma namba zote sasa, moja baada ya nyingine, hazina tena mahali pa kujificha. Kumi na saba zimebaki, na mtu wa mwisho wa Uingereza anaingia uwanjani. Huyo alikuwa amevunjika bega siku ya kwanza. Mkono mmoja ulikuwa umefungwa kifuani, ndani ya nguo, na kibao amekishika kwa ule mwingine. Nilipotafsiri hapo, hata mimi wa India nilimuonea huruma.

"Mukono moja?" Mama akauliza, maharage yamesahaulika. "Hana mama kwao wa kumukataza?"

Mwenzake akapiga mpira mmoja juu, ukatoka nje kabisa, pointi sita. Mchota-maji akaninyooshea kidole: "Weye, kaa kimya sasa! Usihesabu!" Lakini nilikuwa nimekwisha kuhesabu. Mrushaji wa India akakimbia, akatupa mpira chini ya miguu, vijiti vikaruka. Mwenye mkono mmoja hakupata kupiga hata mpira mmoja. Uingereza walikosa pointi saba tu.

Mbili kwa mbili.

Ubishi ulianza mara moja. Fundi wa taa alisema hakuna aliyechukua, kwa hiyo mkataba umekufa. Mchota-maji alisema haki ni kunikata katikati: kichwa kiende Lemera kikasome, miguu ibaki Songo ichote maji. Papa akangoja mpaka walipokunja nyavu zao wakaondoka. Kisha akakaa karibu nami, kwenye kizingiti.

"Juu ya nini ulihesabu?"

"Sitaki kwenda Lemera."

"Siku zote hizi haukutaka?"

"Ndiyo, Papa."

"Na haukusema?"

"Haukuniuliza. Uliuliza India na Uingereza."

Akaangalia kuku. Nilifikiri atanipiga kofi, au atacheka. Alitoa telefone yake mfukoni, ile ya vibonye, akaniwekea mkononi.

"Tanti amekwisha kukutandikia kitanda," akasema. "Minye sitamuambia. Weye ndiye uko na mudomo. Piga."

Ningependa zaidi kofi. Kuongea na Tanti ni kuongea na mtu ambaye humuoni uso, hujui lini akimaliza wewe uanze. Telefone ililia mara nyingi sana. Papa aliingia ndani, lakini pazia la mlango lilikuwa na miguu yake chini.

"Allô?" Tanti akasema.

Nikamwambia. Maneno yalitoka yamebanana, bila salamu, bila kumuuliza habari ya magoti yake: kwamba nataka kubaki shule yangu ya Songo, na kwamba anisamehe kitanda.

"Ni weye uko naongea?" akauliza. "Kumbe sauti yako iko hivi!"

Akaniamuru nirudilie, apate kuisikia tena. Nikarudilia. Akasema basi, kitanda kitanisubiri vakansi, shule zikifungwa, na nije na ndagala, lakini nihakikishe ziwa limefunguliwa kwanza, asije akala hewa. Nyuma ya pazia, Papa alikuwa ananong'ona, anahesabu unités za kupigia zinazokwisha kwenye telefone yake. Zimebaki tatu, akasema. Mbili. Moja.