Pasaka Ambayo Mama Gisha Aliumwa Mgongo

Mama mkwe wangu, Gisha Treister, hakuwa mtu wa kukaa. Nilipoolewa na mwanawe Aron nikatoka Melbourne kwenda kuishi kwao, kwenye mashamba ya matunda ya Karinga, nilimkuta na mazoea ya kula amesimama, sahani mkononi, macho dirishani, akiangalia nani anapita barabarani na nani hajapita. Asiyepita alifuatwa. Mzee akikosa kuonekana sinagogi siku ya Sabato, kesho yake supu ilikuwa mlangoni kwake kabla hajapata nafasi ya kusema anaumwa au haumwi.

Hiyo ilikuwa miaka ya thelathini. Tulikuwa familia chache za Kiyahudi, wengi wa asili ya Urusi, tukilima mapichi na mapeasi kwa maji ya mfereji. Sinagogi letu lilikuwa jengo la mbao lenye paa la bati. Rabi hatukuwa naye. Bwana Rudin, mchinjaji wetu, ndiye aliyeongoza sala na kufundisha watoto. Nyuma ya jengo palikuwa na jiko, na jiko lile lilikuwa la Mama Gisha. Hakuna aliyempa. Yeye ndiye aliyelipaka chokaa, yeye ndiye aliyejua sufuria ipi inavuja. Humo alipikia arusi na misiba, wagonjwa na waliojifungua, na zaidi ya yote karamu ya Pasaka, ambayo tuliila pamoja ukumbini na yeyote asiye na pa kwenda: mchuuzi wa nguo aliyepita na mkokoteni wake, kibarua aliyekuja kuchuma matunda akakosa nauli ya kurudi.

Mtu mmoja tu alithubutu kumkosoa, naye ni Dobra Ulitski, jirani yetu wa ng'ambo ya barabara. Ugomvi wao ulikuwa wa samaki. Samaki wetu wa sikukuu husagwa na vitunguu akafinyangwa mabonge. Mama alimtia pilipili manga, kama kwao Urusi. Dobra, ambaye mama yake alikuwa wa Poland, alimtia sukari.

"Samaki wa sukari huyo si samaki," Mama alisema mezani, watu wote wakimsikia. "Hiyo ni halua."

"Na wako, Bi Gisha, mtu anamla huku analia," Dobra akamjibu. "Wageni wakipita nje wanadhani tumefiwa."

Mwaka wa pili wa ndoa yangu, matunda yakiwa karibu kuiva, mvua ya mawe ilishuka alasiri moja. Mvua ya mawe ya kule haina haki. Hupita kama mtu anayefuata njia yake. Upande wetu wa barabara tulipata matone. Upande wa Ulitski hapakubaki tunda zima. Jioni tulimwona Zelig, mumewe Dobra, akitembea kati ya miti amevua kofia, anaokota pichi, anaitazama, anaiweka chini taratibu kana kwamba itaumia. Kiwanda cha kusindika matunda hakipokei yaliyotobolewa. Ng'ombe wao aliuzwa mwezi huo, farasi mwezi uliofuata.

Wanaume wa sinagogi wakafanya walichojua. Walipakia unga na viazi kwenye gari wakampelekea Zelig. Dobra alisimama mlangoni, aproni yake imepigwa pasi.

"Mmekosea nyumba," aliwaambia. "Hapa hakuna maskini. Wapelekeeni wenye shida."

Wakarudi na gunia lao. Sisi neno letu la sadaka, tsedaka, limezaliwa na neno haki. Tunafundishwa kwamba unachompa mwenzako si huruma yako bali ni fungu lake. Tunafundishwa pia kwamba kumwaibisha mtu mbele ya watu ni kama kumwaga damu yake. Wale wanaume waliyajua yote hayo, lakini walikwenda na gari mchana kweupe, watatu mbele na mbwa nyuma.

Mama aliposikia alinyamaza. Na Mama kunyamaza ilikuwa habari. Baba mkwe wangu, Noach, aliniuliza kama tumegombana. Zikapita siku kadhaa. Asubuhi moja, Mama anakanda unga, mikono nyeupe mpaka kwenye viwiko, akasema:

"Pesia, mwanangu, mgongo unaniuma."

"Umeanza lini, Mama?"

"Sasa hivi. Nipe mkono, tuvuke barabara."

Tukavuka. Mpaka katikati ya barabara alitembea wima; kufika upande wa pili alikuwa amepinda kama mzee wa miaka tisini, na ameanza kuguna. Dobra alifungua mlango, akamtazama juu mpaka chini.

"Umepatwa na nini?"

"Mgongo umekwisha, Bi Dobra. Pasaka hiyo inakuja na siwezi kuinua hata kifuniko cha sufuria."

"Wanawake wako wengi."

"Wengi, ndiyo. Mke wa Rudin ataunguza supu. Huyu mkwe wangu ni mtu wa mjini, anachemsha yai mpaka linakuwa kokoto." Sikukana, ilikuwa kweli. "Amebaki mpishi mmoja Karinga nzima. Na Mungu ni shahidi, ningempata mwingine nisingekuja kwako."

Nadhani tusi lile ndilo lililomlainisha. Angebembelezwa angefunga mlango.

"Nitatia sukari," Dobra alisema.

Mama alifumba macho. "Tia."

"Na lile jiko lako ni banda la kuku. Mimi napikia kwangu."

"Pikia kwako. Kila kitu kitaletwa hapa. Na kinachobaki, kama ujuavyo, ni cha mpishi."

"Tangu lini?"

"Tangu zamani. Unadhani huu unene nimeutoa wapi?"

Desturi hiyo hakuna aliyewahi kuisikia. Mama aliitunga pale pale mlangoni. Lakini kufikia jioni alikuwa ameizungusha nyumba zote, na kila mtu aliapa kwamba ndivyo ilivyokuwa siku zote. Wiki hizo barabara yetu haikupumzika. Viazi, mayai, mafuta ya bata bukini, vitunguu, zabibu kavu za kutengenezea divai, maboksi ya mikate isiyotiwa chachu kutoka Melbourne, vyote viliingia kwa Dobra Ulitski, na hakuna aliyempelekea msaada. Walimpelekea kazi.

"Gisha," Noach aliuliza akiwa chini ya gunia, "Pasaka hii tunalisha jeshi?"

"Noach, wewe shughulika na mapeasi yako."

Kuigiza kulimshinda Mama kidogo. Asubuhi alishika kiuno upande wa kulia, jioni wa kushoto. Bwana Rudin alimletea dawa ya kuchua, Mama akalazimika kuchuliwa, akalalamika kwangu usiku kucha kwamba ngozi inawaka na mgongo ni mzima.

Siku ya karamu aliketi kati ya wageni, mikono mapajani. Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Dobra aliingia na masinia, mabinti zake nyuma yake na aproni safi, na Zelig aliketi mahali pake akiwa ameinua kichwa. Bwana Rudin akasoma maneno tunayoanza nayo kila mwaka, kwamba kila mwenye njaa na aje ale nasi, na mchuuzi mmoja akaitikia kwa sauti kubwa kuliko wote. Samaki akapita. Mama akala.

"Umeonaje?" Dobra alimsimamia kichwani.

"Analika," Mama alisema, na akaongeza bonge la pili.

Baadaye nilimkosa mezani. Nilimkuta nyuma, kwenye lile jiko lake, baridi, halina moto wala harufu, anapapasa rafu kwa kiganja.

"Mama, vipi?"

"Hamna kitu. Nimezoea kuwa huku, basi." Alijifuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. "Ana mkono mzuri, yule mwanamke. Usimwambie nimesema."

Alijua alichokitoa. Angeweza kulichukua tena jiko Pasaka ikiisha, lakini nyumba ya Ulitski ilihitaji kula mpaka mavuno mengine, kwa hiyo mgongo haukupona. Kukaja arusi, Dobra akapika. Kukaja msiba, Dobra akapika.

Wakati wa baridi tulikuwa tunapogoa miti. Mama hakuweza kukaa ndani. Alipanda ngazi kwenye mpeasi mrefu ulio karibu na barabara, mkasi mkononi, anaimba. Mimi nilikuwa nakusanya matawi chini. Nilipoinua kichwa, Dobra alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba, anamtazama kwa muda ambao sikuujua.

Wimbo ukakatika.

"Mgongo umepata nafuu, Bi Gisha?"

"Unakuja na kuondoka."

"Leo umeondoka."

"Leo umeondoka," Mama alikubali, kule juu.

Dobra alishika miguu ya ngazi. Nilidhani ataitikisa. Aliishikilia tu, kwa nguvu, na alipozungumza alikuwa akizungumza na gome la mti.

"Shuka polepole. Usije ukauvunja kweli." Mama alipofika chini, Dobra hakumwachia ngazi. "Jiko silirudishi."

"Nani amelitaka?"

"Lakini kuna vitunguu vya kumenya kila Ijumaa. Mtu anayeumwa mgongo anaweza kumenya akiwa amekaa."

Tangu wiki hiyo Mama alimenya vitunguu kwenye jiko la sinagogi, ambako Dobra Ulitski sasa alihamishia mapishi, chini ya amri yake, miaka na miaka, hata baada ya miti ya Ulitski kuzaa vizuri kuliko yetu. Waligombana kila Ijumaa. Mimi nilifundishwa kuchemsha yai.

Baada ya vita wakaja watu kutoka kambi za Ulaya. Mmoja wao alikuwa mwanamke kijana, Estera, aliyekataa kila kitu. Alifika na gauni la kiangazi katika baridi ile ya Julai. Dobra alimwendea na koti zito, upindo umefumuka, akamwomba amshonee kwa kuwa macho yake yamechoka. Estera alishona vizuri sana. Alipolirudisha, Dobra alikunja uso. "Bahati mbaya," alimwambia, "mwenye koti amehamia Sydney. Basi livae wewe, nondo wasilile." Mama alikuwa kwenye vitunguu vyake. Alicheka mpaka akalazimika kutoka nje.

Mama alifariki mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mgonjwa kwa muda mfupi. Kwetu wanawake humwosha mwanamke mwenzao, na kazi hiyo tunaihesabu kuwa juu ya sadaka zote, kwa kuwa unayemtendea hatakulipa. Dobra aliongoza. Tulimwosha, tukammiminia maji, tukamvika sanda ya kitani. Mwishoni tukasema maneno ya desturi, tukimwita kwa jina lake na la baba yake na kumwomba atusamehe kama tumemkosea heshima. Wengine tulipokwisha kusema, Dobra alibaki ameinama.

"Asante sikuwahi kukwambia," alisema kwa sauti ya chini. "Ungenicheka."

Kisha akamnyoosha mkono wa sanda, akatuambia tutoke.

Mashamba yetu yakaanza kuuzwa. Vijana walitaka kusoma na kuoa, na wachumba walikuwa Melbourne. Hati za Torati zilihamishiwa sinagogi la mjini, na jengo la mbao likapakiwa juu ya lori na kupelekwa sijui wapi kuwa nyumba ya mtu. Sasa nakaa Caulfield, huko Melbourne, napata samaki tayari dukani, wa sukari na wa pilipili, kwenye kabati moja la kioo. Kila mwaka kabla ya Mwaka Mpya wetu, mwezi wa Septemba, mapeasi yakiwa yamechanua, Aron hunipeleka makaburini Karinga. Kisha tunafungua lango, tunaanza na kaburi la Mama, halafu la Dobra, na tunang'oa majani mpaka mchana.