Waya ni wa Aliye Kitini

Shemeji yangu, mdogo wa marehemu mke wangu, ni kinyozi. Watu wanamwita Besi. Jina lilimpata alipofungua kibanda, maana alinunua spika kabla hajanunua kiti. Wateja wa kwanza aliwanyoa wamekaa juu ya kreti la soda, lakini muziki ulifika mpaka ng'ambo ya barabara.

Ujana wake aliumalizia kwenye kiwanda cha mbao, mbele ya msumeno mkubwa. Alitoka huko na pesa ya spika na kidole kimoja pungufu. Vilivyobaki vilimtosha. Hakuwahi kumkata mtu.

Sheria ya kibanda ni moja: waya ni wa aliye kitini. Ukikaa, unachomeka simu yako kwenye waya wa spika na kuwapigia waliopo wimbo unaousikiliza siku hizi. Siyo wa enzi zako, wa sasa. Wataukosoa watakavyo, na huwezi kugomba kwa sababu una wembe shingoni. Wapo wanaokuja bila hata nywele. Fundi viatu ana upara unaong'aa, na kila Jumamosi yumo. Mama wa mitumba husikilizia mlangoni, jicho moja kwenye magauni yake nje.

"Fundi, huo si ndio wa wiki iliyopita?" humuuliza.

"Ndio. Sijaumaliza."

Hakimu ni Besi. Wimbo ukiisha wote wanamtazama. Akisema "umekaa", basi wimbo umekaa sawa.

Mimi tangu nimzike mke wangu nilikuwa namwachia mwingine zamu yangu ya waya. Sikuwa nasikiliza kitu. Simu ya marehemu nilitembea nayo mfukoni. Naichaji, siifungui. Besi hakunisukuma.

Ila kuna jambo nililiona. Besi alianza kunyoa akiwa ameegemeza kiwiko kwenye spika. Ukimwita kwa nyuma, hageuki. Ukisema naye kwenye kioo, anajibu vizuri tu. Niliona, nikanyamaza. Kinyozi asiyesikia, nani atampa shingo? Na wapenda muziki wakijua hakimu wao hasikii, si watahama? Nyumba yake yote inakula kutoka kwenye kiti kile.

Jumamosi hiyo nilikuwa kitini. Shavu la kulia lilikuwa tayari, la kushoto bado lina povu. Kichwa nimekilaza nyuma, wembe uko chini ya kidevu. Besi alikuwa upande wa mbali na spika. Dereva wa lori, aliyekuwa ananifuata kwenye foleni, akaokota waya.

"Mzee, zamu yako nachukua kama kawaida?"

Nikapunga mkono: chukua.

Akachomeka simu, akaiweka kwenye rafu, akasimama mahali ambapo Besi angemwona kwenye kioo.

"Hii ndiyo yangu ya wiki hii. Hakimu, unaionaje?"

Sikusikia kitu. Feni ya dari tu. Nikadhani bado anatafuta wimbo.

Besi akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayefuata mdundo.

"Gitaa la pili hilo," akasema. "Sikia linavyojibu. Umekaa."

Hakuna aliyecheka. Fundi viatu alitazama viatu vyake mwenyewe. Mama wa mitumba aliziba mdomo kwa kiganja. Hapo nikaelewa. Dereva alingoja kiwiko kiwe mbali na spika.

Nikasema, wembe ukiwa palepale: "Kweli. Limekaa."

Koo lilipanda na neno, wembe ukala. Nilihisi moto mdogo, halafu majimaji yakishuka kwenye taulo.

"Mzee, na wewe?" dereva akasema. "Mnasikia gitaa gani? Mbona sijawasha kitu!"

Besi alikuwa ameona damu. Akaondoa wembe, akanibana pamba.

"Shemeji, unaongeaje na wembe shingoni?"

Halafu akazitazama nyuso kwenye kioo, moja baada ya nyingine. Akarudi kwenye mdomo wangu.

"Kuna nini?"

"Hakuna wimbo," nikamwambia taratibu, aone. "Amekutega."

Akauweka wembe kwenye bakuli.

"Tangu lini mnajua?"



"Sikufanya kwa ubaya," dereva akasema. "Lakini kaka, sisi tunakupa shingo. Juzi mashine ilikuwa inaniunguza, wewe unaendelea tu."

"Ungeniambia."

"Nilikuambia. Hukusikia."

"Ndiyo umwaibishe hivi mbele za watu?" mama wa mitumba akafoka. "Mwanamume mzima!"

Besi alikuwa amegeukia spika yake. "Nasikia kwa mkono," akasema. "Nikiigusa, napata wimbo. Karibu wote."

"Kwa mkono!" dereva akasema. "Basi mimi nikishika sufuria nikwambie ndani mna nini."

Mtu mmoja alicheka, akajizuia.

Nikamnyooshea dereva mkono. "Nipe waya."

"Mzee?"

"Nani yuko kitini?"

Akanipa. Nikatoa simu ya marehemu. Mimi sikusoma, lakini alama ya kuwasha wimbo naijua, nimemwona akiibonyeza kila asubuhi. Wimbo wake wa mwisho ulikuwa umesimama katikati, aliposimamisha yeye. Nilijua nikibonyeza, pale alipoishia hapatakuwapo tena.

Nikabonyeza.

Besi aliweka kiganja juu ya spika, kile chenye kidole pungufu. Akafumba macho. Spika ikaunguruma. Wimbo ukaenda. Ukazidi kwenda. Dereva akamtazama fundi viatu. Fundi viatu akatazama kwingine. Mimi macho yangu yalikuwa kwenye kiganja, damu inaingia kwenye kola, na ndani yangu nasema, shemeji, sema, sema basi.

Kidole chake kikaanza kugonga ubao wa spika. Mara mbili, kikangoja, mara moja.

"Shemeji," akasema, macho bado kayafumba. "Huu wa dada. Alikuwa anaupiga kwa mwiko kwenye sufuria. Na hapa, hapahapa, alikuwa anakosea."

Akagonga na lile kosa. Lilikuwa lenyewe.

"Ni kweli?" dereva akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali.

Wimbo ukaisha. Watu wakamtazama Besi, kama siku zote.

"Umekaa," akasema.

Akamaliza shavu la kushoto. Mkono ulikuwa uleule, mwepesi. Nikashuka. Kiti kikabaki kitupu. Besi akakung'uta taulo, akatandika jingine, akasimama nyuma ya kiti. Hakumwita mtu. Zamu ilikuwa ya dereva, na dereva alikuwa anatazama mlango. Mama wa mitumba alikuwa ameujaza, mikono kiunoni.

Dereva akakaa.

"Nikiumia je?"

Besi hakujibu. Dereva akakumbuka. Akanyanyua uso kwenye kioo, akarudia.

"Nipige teke," Besi akamwambia.

"Kwa mguu upi?"

"Wowote. Ila kiatu usivue. Hizo soksi nitazimia na wembe mkononi."

Fundi viatu ndiye aliyeanza kucheka. Dereva akachomeka simu, safari hii akawasha, akalaza kichwa nyuma. Besi akaiburuta spika mpaka ikagusa paja lake. Ndipo akachukua wembe.