Kombe Langu la Kilindini

Mimi hufundisha sayansi Wamagana, huku bara mbali na bahari, na ugonjwa wangu ni kujifanya najua kila kitu. Likizo iliyopita nilienda Malindi, nikarudi na makombe ya konokono wa baharini niliyonunua ufuoni. Niliyalinganisha na picha za kitabu, nikayabandika majina. Moja tu, refu lenye mistari ya kahawia, halikuwemo kitabuni. Badala ya kukiri kwamba silijui, nikaamua ni la nadra.

Siku ya wazazi nililiweka peke yake juu ya kitambaa chekundu. Wazazi wakapanga foleni kuliweka sikioni wasikie mvumo wa bahari.

"Ati huyu anaishi wapi, mwalimu?" mama mmoja akauliza.

"Kilindini, mama. Mahali jua halifiki."

Mwalimu mkuu alifurahi mno, akamwita Madam Mwanaidi, mwalimu mgeni kutoka Kilifi, atueleze konokono huyo kwao pwani anaitwaje. Madam aliligeuza mara mbili, akaniangalia kwa huruma, lakini sauti yake ilifika hadi viti vya nyuma.

"Mwalimu, huyu ni konokono wa shambani. Kwetu anamaliza mchicha. Ukimtia baharini, anakufa."