Njia Mbili na Kaburi la Jirani

Mwaka wa 1977 nilikuwa na miaka kumi na moja, na huo ndio mwaka taabu ziliingia kwetu zikakaa. Baba alifariki, mama akabaki na sisi sita, nami nikaacha shule darasa la nne. Sikuomba mtu huruma wakati ule na siombi leo. Nilichukua jembe. Nimechimba vyoo Nyamarambe, nimechimba mashimo ya nguzo za simu, na walipokuja watu wa faiba, ule waya wa kioo unaopitisha intaneti kwa mwanga, nikachimba mitaro yao pia. Wenzangu walipoketi kula, mimi nilisimama kando ya fundi nikatazama mikono yake. Hiyo ndiyo shule yangu.

Kompyuta ya kwanza nilipewa na mfanyabiashara Mwislamu wa mjini Kisii aliyekuwa akiuza mashine kuukuu. Nilimchimbia mtaro wa maji ya mvua nyuma ya duka, akaona ninavyochungulia ndani, akaniita. Kila Jumapili alasiri alinikalisha kwenye kiti chake mwenyewe akanifundisha amri za mfumo endeshi, moja moja, kama mtu anayemfundisha mtoto kutembea. Kiingereza cha kuamuru mashine nilikijua kabla ya Kiingereza cha salamu. Nilipomwambia nataka kuuza intaneti kijijini kwetu Keumbu, aliniuliza nina nyaya ngapi za kufika mjini. Nikasema mmoja.

"Basi wewe si mfanyabiashara," akasema. "Wewe ni mcheza kamari."

Maneno hayo nimeyashukuru maisha yangu yote. Nilijenga njia mbili. Ya kwanza ni faiba ya kushuka kutoka dukani kwangu Keumbu hadi barabara kuu na kuendelea mjini. Ya pili haigusi ardhi: ni antena juu ya paa langu inayotazamana na nyingine kwenye kilima cha Nyanchwa. Zote mbili zinaishia kwenye mashine yangu ya mjini. Dukani, kompyuta kubwa ina matundu mawili ya waya, na nimeiagiza iyahesabu kama tundu moja. Njia ya faiba ikifa, ihamie ya antena yenyewe, mteja asijue hata kama nimekohoa.

Faiba hiyo ilipaswa kupita katika shamba la jirani yangu. Nilimwendea nikiwa nimejiandaa kubishana. Hakuniuliza karatasi wala malipo.

"Pitisha," alisema. "Lakini ukiniangushia ndizi hata moja, utanilisha mpaka nichoke."

Nilipitisha pale palipokuwa karibu zaidi, upande wa kulia wa nyumba yake. Hapo mimi, Mgusii wa kuzaliwa na kukulia, nilifanya kosa ambalo mgeni angesamehewa. Huku kwetu mwenye nyumba huzikwa upande wa kulia wa nyumba yake. Kila mtu anajua. Lakini mtu amesimama mbele yako anacheka, anakupa ardhi yake bure, nani atamfikiria kaburini?

Mwaka jana alifariki.

Ana binti yuko Marekani, miaka tisa hajakanyaga nyumbani. Makaratasi yake hayajakamilika, na akitoka kule hataruhusiwa kurudi. Alinipigia simu siku tatu kabla ya mazishi. Hakulia. Aliniambia kuna mpiga picha ameajiriwa kurusha mazishi moja kwa moja, na picha zitapita kwangu dukani kwanza ndipo ziende mjini na ng'ambo. Alitaka kitu kimoja, amwone babake akiteremshwa.

"Tata, mengine yote naweza kutazama baadaye," akasema, akiniita baba kwa Kigusii. "Hilo nataka nilione pamoja na wenzangu wa nyumbani, saa ile ile."

Nikamwambia alale salama. Mimi nina njia mbili.

Asubuhi ya mazishi nilifika mapema. Vijana wa kuchimba walikuwa wameshafika kiunoni. Mmoja akaninyooshea kitu cheusi kilichokatika.

"Omogaka, mzee wetu, huu ni mzizi wa ndizi gani? Ni mgumu kama shingo ya mkwe."

Ilikuwa faiba yangu. Wenzake wakacheka, nami nikacheka nao, tena nikajigamba. Niliwaambia wakate hata mara kumi, mzee wa Keumbu hajengi njia moja. Nikakaa kwenye kiti cha plastiki, mguu juu ya mguu.

Ibada ilipoanza mpiga picha akawasha kamera. Baada ya muda simu yangu ikatikisika mfukoni. Ni yule binti. Haoni kitu, kioo ni cheusi tangu mwanzo. Nikampigia mke wangu, ambaye ndiye anayekaa dukani na ndiye anayejua mashine zile kuliko mtu yeyote baada yangu. Akasema kila kitu kizuri, taa zote ni kijani.

Nilijua hapo hapo nimekosea wapi. Kati ya kompyuta na faiba kuna kisanduku kidogo kinachogeuza mwanga kuwa umeme. Kompyuta ilikuwa inatazama waya wa kwenda kwenye kisanduku tu, hatua moja. Waya huo ulikuwa mzima. Kwamba mbele ya kisanduku njia imekatwa na jembe, kompyuta haikuwa na habari. Kama mlinzi anayeripoti lango limesimama wima wakati ukuta wa nyuma umeanguka. Kwa hiyo haikuhama.

Mbele yangu walikuwa wameshaanza kubeba jeneza. Nilisimama nikamwendea mchungaji, nikamnong'oneza asubiri kidogo. Watu wakaguna. Mzee mmoja akauliza kwa sauti kama sasa marehemu anangoja intaneti. Mchungaji akanitazama, akageuka, akaanzisha wimbo mwingine. Namshukuru mpaka leo.

"Ng'oa waya wa juu, ule wa kwenda kwenye kisanduku," nikamwambia mke wangu.

"Huo una taa ya kijani. Naung'oa kwa nini?"

"Taa inadanganya. Ng'oa, mama, ng'oa sasa hivi."

Nikasikia akivuta pumzi, halafu mlio mdogo wa plastiki. Tundu la kwanza likafa kweli, na kompyuta ikahamia antena kabla sijapumua. Mpiga picha akanionyesha kidole gumba. Nikampigia binti nikamuuliza kama anaona. Nyuma yake nilisikia wimbo ule ule tuliokuwa tukiimba sisi, umechelewa kidogo njiani.

"Namwona," akasema.

Mchungaji akafunga wimbo. Wakamteremsha.

Juma lile lile nilibadilisha agizo. Sasa kompyuta haitazami taa. Kila sekunde inaiuliza mashine ya mjini kama ipo, na isipojibiwa inahama. Nilipomweleza yule mfanyabiashara, ambaye sasa ni mzee haoni vizuri, alicheka akasema alidhani alinifundisha hilo. Labda alinifundisha, nikasahau. Faiba nimeipitisha upya kando ya ua. Nilipokwenda kumwomba mjane ruhusa, aliniuliza kwa nini naomba, kwani mume wake hakuwa ameshasema?

Leo nina duka Keumbu, la matofali. Nina kompyuta kubwa mbili, moja hapa na moja mjini, kila moja na matundu mawili ya waya. Nina antena nne. Nina shamba la chai upande wa Nyamira na ng'ombe wawili wa maziwa. Nina mke anayeng'oa waya akiambiwa, baada ya kuuliza swali moja. Na nina ruhusa ya kupita katika mashamba ya watu wanane, yote ya mdomo.