Mwalimu Rahisi na Darasa la Upande wa Pili wa Ukuta

Wanafunzi walimwita Mwalimu Rahisi, na yeye alijua. Kwa miaka ishirini na miwili alifundisha hisabati sekondari, na kila alipomaliza swali ubaoni alipangusa chaki mikononi, akasema, "Hii rahisi. Kuna ambaye hajaelewa?" Hakuna mkono ulionyooshwa. Basi wameelewa, alijiambia, akaendelea. Mitihani ikija wakaanguka kama kawaida, naye akasema ni wavivu, simu zimewala akili, wazazi hawafuatilii. Wenzake ofisini waliitikia kwa vichwa huku wakipuliza chai, maana na wao wanafunzi wao walianguka vilevile.

Raha hiyo iliisha alipoletwa mwalimu mpya wa hisabati, binti aliyetoka chuoni juzijuzi, tena mwanafunzi wake wa zamani. Akapewa kidato cha tatu A, Rahisi akabaki na B. Kati ya vyumba hivyo palikuwa na ukuta wa mbao nyembamba, na kila kipindi Rahisi alisikia upande wa pili maswali yakirushwa, vicheko, hata ubishi. Akaenda kulalamika kwa mkuu wa shule kwamba kule hakuna nidhamu.

Matokeo ya muhula yakabandikwa. Kati ya wanafunzi arobaini wa A, thelathini walifaulu. Wa B, tisa.

Siku hiyo chai ya Rahisi ilipoa kikombeni. Mkuu wa shule alimsifia binti mbele ya walimu wote, mwalimu wa jiografia akaanza kumwita "mtaalamu", na Rahisi akacheka pamoja nao huku roho inamuuma. Jioni alimfuma kiranja wa darasa lake mwenyewe akinakili daftari la mwanafunzi wa A. Lile lilimchoma kuliko yote. Kesho yake asubuhi alikuwa mlangoni kwa mkuu.

"Mzee, wenye akili wote mmewajaza A. Mimi nimeachiwa makapi."

"Unataka nini sasa?"

"Tubadilishane madarasa. Tuone."

Mkuu akamtazama, akakubali. Binti alipoambiwa alisema, "Hakuna shida, mwalimu," kwa sauti ya upole iliyozidi kumkera.

Muhula mpya Rahisi aliingia A kifua mbele. Alifundisha kama alivyofundisha siku zote. Wiki ya kwanza mikono ilinyooshwa mingi. "Hata hili nalo?" aliuliza, darasa likacheka. Wiki ya tatu mikono ikaisha, akaridhika kwamba nidhamu imerudi.

Majaribio ya nusu muhula: B chini ya binti, ishirini na sita. A chini yake, kumi na saba.

Alirudi nyumbani akaketi bila kuvua viatu. Mkewe, mshonaji, hakuinua macho kwenye cherehani.

"Umeshindwa na yule binti?"

"Nani kakwambia?"

"Uso wako. Baba, wewe unaona gere, si bure. Tangu aje humalizi sahani."

"Ana ujanja fulani. Labda anawapa maswali mapema."

"Basi kamuulize ujanja wenyewe. Au utakufa nao moyoni?"

Ilimchukua siku nne. Alimkuta binti peke yake ofisini, anasahihisha madaftari.

"Unawafanyia nini?" aliuliza, bila hata salamu.

Binti akafungua droo, akatoa rundo la karatasi. Lilikuwa jaribio alilowapa B wiki ya kwanza, na swali moja tu: nusu jumlisha theluthi. Rahisi akapekua. Mbili ya tano. Mbili ya tano. Mbili ya tano. Wanafunzi ishirini na wanne walikuwa wamejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini.

"Wamefika kidato cha tatu hawajui sehemu," binti alisema. "Milinganyo wataijulia wapi? Nilirudi nyuma wiki mbili, nikaanza hapo."

"Mbona kwangu hawakusema?"

Binti aliikunja ncha ya karatasi.

"Hata mimi niliacha kusema, mwalimu. Nilikuwa sijui sehemu mpaka kidato cha nne, dada yangu ndiye aliyenifundisha. Kidato cha pili niliwahi kukuuliza. Ukaniambia, 'Binti, hata hili nalo?' Nilichekwa wiki nzima."

Rahisi hakukumbuka. Alijaribu kukumbuka sura ya mtoto mwenye mkono juu, haikuja. Aibu ilimpata, lakini chini ya aibu wivu ulikuwa palepale, unachemka: huyu alitendewa hivyo na yeye, na bado amekuwa mwalimu bora kuliko yeye. Akatoka bila kuomba radhi.

Kesho yake aligawa vijikaratasi darasani. "Andikeni msichoelewa. Msiandike majina." Akasubiri wacheke. Hawakucheka, waliandika kwa muda mrefu. Alivisoma akiwa amesimama dirishani. Kimoja kilisema, "Sehemu, tangu darasa la tano." Kingine, "Ukisema rahisi najiona mjinga." Kingine kilikuwa na neno moja: "Naogopa."

Alifuta ubao, akaandika nusu jumlisha theluthi. Akalihisi lile neno lake likimfika mdomoni, akalimeza. Siku ya pili alimfuata binti kwenye korido, akamwambia, "Ule mkono wako nilikosea." Ikawa ni maneno hayo tu. Binti akaitikia kwa kichwa, macho yamelowa kidogo.

Mwisho wa mwaka A walifaulu thelathini na mmoja. B wa binti, thelathini na sita. Nyumbani mkewe alimpongeza, akamwekea chakula.

"Watano tu," Rahisi alisema, akivuta sahani karibu. "Mwakani nampita."

Mkewe akacheka mpaka uzi ukamponyoka.